Mkebe wa Kakao Uliotaka Ninyamaze

Watu wa kwetu wakiambiwa kwamba mimi niliwahi kunyamaza, hucheka kwanza, halafu huuliza nilikuwa nimelazwa hospitali gani. Sikulazwa. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi yangu mwenyewe, mchana, mzima kabisa, meno yangu yaliyobaki yote yakiwa mdomoni, na maneno yamejaa nyuma ya meno kama ng'ombe langoni. Aliyenifunga mdomo ni mkebe wa kakao.

Mkebe ule aliuleta mjukuu wangu, binti wa binti yangu kitinda mimba. Anasomea sanaa katika chuo kimoja huko Nairobi. Mimi shule iliniacha darasa la tatu ikaenda zake, lakini huyu msichana ni wa tumbo la tumbo langu, na akili alizo nazo hazikutoka kwa baba yake. Naandika wazi. Baba yake akisoma, asome.

Siku aliyofika, boda ilimshusha langoni na begi kubwa. Nikajua ndani kuna mkate na sukari, maana mtoto wa watu hatoki Nairobi mikono mitupu. Akafungua begi mbele yangu akatoa mkebe wa bati, ule mkubwa wa familia. Nikaupokea kwa mikono miwili, nikautikisa. Mtupu.

“Umeninywea kakao njiani?”

“Magokoro, hii ni kamera.”

Huyu mtoto akiwa na haja ananiita Magokoro, yaani nyanya kwa lugha yetu. Siku nyingine zote mimi ni shosho. Kwa hivyo nikajua kuna haja.

Akanionyesha. Ndani ameupaka rangi nyeusi, nyeusi kama tako la sufuria yangu. Ubavuni amekata kidirisha, hapo dirishani amebandika kipande cha kopo la soda, na hicho kipande amekidunga kwa ncha ya sindano. Tundu lenyewe, chawa angepita kwa kuinama. Juu ya tundu kuna utepe mweusi, huo ndio mlango. Hakuna kioo, hakuna betri, hakuna mahali pa kubonyeza. Unaweka karatasi ya picha ndani ukiwa gizani, unafunika, unaelekeza tundu kwa mtu, unabandua utepe, halafu unangoja. Mwangaza unaingia polepole kama mgeni asiyejua kama mbwa amefungwa.

“Unangoja mpaka lini?”

“Inategemea. Kukiwa na mawingu, kama muda wa kusonga ugali mpaka uive.”

“Na huyo anayepigwa?”

“Anakaa tu. Asitingishike. Asiongee.”

“Basi tafuta mtu mwingine.”

Akacheka. Halafu akaacha kucheka, akakaa chini karibu na miguu yangu, akanieleza shida yake. Mwalimu wao alitaka kila mwanafunzi alete picha moja ya mtu, iliyopigwa polepole namna hiyo, bila simu wala kompyuta. Picha zitatundikwa ukutani, watu wazima wenye miwani waje wazitazame. Asiyeleta picha anarudia mwaka. Na yeye alikuwa ameshapiga wenzake chuoni, kila mmoja anatokea kama moshi wa kuni mbichi, maana vijana wa siku hizi hawawezi kukaa bila kuangalia simu.

“Simu inakamata kile kinachopita,” akaniambia. “Huu mkebe unakamata kile kinachokaa. Mtu akipita mbele yake haraka, haonekani kabisa.”

“Ng'ombe akipita?”

“Hayupo.”

“Pikipiki?”

“Haipo.”

“Na jirani?”

“Akipita tu, hayupo.”

Hapo nikaanza kuipenda hiyo kamera.

“Na kwa nini umenichagua mimi?”

“Kwa sababu uso wako una mambo mengi, Magokoro.”

Ni kweli. Uso wangu una mambo mengi. Nikakubali.

Sabato iliyofuata nilienda kanisani na habari hiyo kifuani. Sikuitangaza, mimi si mtu wa majivuno. Nilimwambia mama mmoja tu, lakini yule mmoja nilimchagua vizuri. Kabla ya mahubiri kwisha, benchi tatu za nyuma zilikuwa zinajua kwamba uso wangu unaenda Nairobi kutundikwa ukutani.

Ikamfikia mke mwenzangu.

Niwaeleze huyu ni nani. Ni mke wa ndugu yake marehemu mzee wangu. Kila mmoja wetu alikuwa na bwana wake, lakini kwetu wake wa ndugu huitana mke mwenzangu, na ugomvi ni uleule. Mashamba yetu yamepakana. Majani chai yetu yanapimwa senta moja, pale yanaponunuliwa. Kwenye kwaya ya akina mama tunaimba sauti moja, ila yeye huiimba ikiwa imechacha. Akanisubiri nje ya kanisa, mikono kiunoni.

“Nasikia unapelekwa Nairobi.”

“Uso tu,” nikamwambia. “Miguu inabaki.”

“Wamekosa nyuso huko?”

“Wamekosa nzuri.”

Akaniangalia kutoka kitambaa cha kichwa hadi viatu, akaenda zake bila kusema kitu. Ningejua, ningeogopa. Mke mwenzangu akiondoka bila kusema kitu, ujue anapanga.

Sasa, mjukuu wangu alikuja na karatasi chache tu za picha, zimefungwa kwenye bahasha nyeusi kama siri ya serikali. Ya kwanza niliiharibu mimi kwa nia njema. Kwetu ukifukia ndizi shimoni ziive, unafunua majani kidogo, unaangalia zimefika wapi, unafunika tena. Nilikaa mbele ya ule mkebe, nikakaa, nikaona ni muda mrefu sasa, nikainuka nikafungua kifuniko nione kama nimeshaingia. Msichana alipiga kelele hata kuku wakaruka uzio.

“Shosho! Umeiunguza na mwangaza!”

“Nilikuwa naangalia kama nimeiva.”

Karatasi ya pili, rafiki yake marehemu mzee wangu alipita akanisalimia kutoka mbali, nami nikainua mkono. Usiku msichana aliisafisha mimi nimelala, akanionyesha kwenye simu: mkono haukuonekana. Kichwa pia hakikuonekana, maana nilikigeuza kumfuata mpaka alipopotea kwenye kona. Nilitokea kama gauni lililoanikwa. Ya tatu ikanyeshewa. Mvua ya kwetu Nyamira huja saa inayotaka yenyewe, na siku hiyo ilimkuta msichana amekwenda kunichotea maji.

Ikabaki karatasi moja.

Akampigia simu mpiga picha mmoja wa Kisii mjini kuuliza kama anauza karatasi za namna hiyo. Yule bwana alicheka mpaka akakohoa, akamwambia mara ya mwisho kuziona yeye mwenyewe alikuwa bado na nywele. Msichana akakata simu. Siku hiyo hakula matoke yangu. Alikaa jikoni ameshika bahasha nyeusi na karatasi yake moja, na kesho kutwa alitakiwa awe chuoni.

Mimi naweza kuvumilia mambo mengi, lakini siwezi kuvumilia mjukuu wangu aache matoke. Nikamwambia, “Kesho nitakaa. Nitakaa hata nyuki wakijenga puani.”

“Kweli, Magokoro?”

“Kula.”

Kesho yake akataka nikae nyuma ya nyumba, karibu na migomba, mahali penye utulivu. Nikakataa. Nyuma ya nyumba wanakaa kuku. Mtu anayeenda Nairobi anakaa mbele, penye watu, na nyuma yake majani chai yanaonekana mstari kwa mstari, wajue si maskini. Na mbele ya nyumba yangu, pembeni kabisa, inapita njia ya kwenda senta, na ilikuwa siku ya kupeleka majani. Siwafichi: nilitaka wapite wanione. Nikatoa benchi ndefu ya sebuleni, maana kigoda kingenifanya nionekane kama ninakamua ng'ombe. Nikavaa gauni la bluu na sweta nyeupe. Nikakaa katikati ya benchi.

Msichana akaweka mkebe juu ya kinu kilichopinduliwa, akauwekea jiwe kichwani upepo usiutingishe. Mawingu yalikuwa mengi. Akaniangalia, akavuta pumzi.

“Tayari?”

“Bandua.”

Akabandua.

Mwanzoni ni raha. Unakaa. Unajiona kama mtu wa maana. Nikaangalia kile kitundu, nikakiwekea uso wangu wa kupokea wageni, nikawa naona watu wa Nairobi wakisukumana kuniona.

Ndipo akaja yule mzee, yule yule rafiki wa mzee wangu, na fimbo yake.

“Bwakire, omong'ina!” akanisalimia. Yaani umeamkaje, mama mzee.

Wasiotoka kwetu hawataelewa ubaya wa jambo hili. Kwetu salamu si neno la kurushiana mkiwa mnapita. Mtu akikusalimia anasimama, unamjibu, anauliza nyumba, unajibu, anauliza watoto, ng'ombe, mguu unaouma, na wewe unamuuliza vyake vyote, ndipo anaondoka. Usipomjibu hawezi kuondoka. Ataondokaje? Salamu yake iko hewani haijashuka.

Kwa hivyo akasimama.

“Bwakire!” akarudia, kwa sauti ya kumwamsha kiziwi.

Nikaangalia tundu.

“Babu, anapigwa picha,” mjukuu wangu akasema.

“Anapigwa na nani?”

“Na huo mkebe.”

Mzee akautazama mkebe. “Huo ni mkebe wa kakao.”

“Ndiyo, babu. Ndio kamera.”

“Mimi nina mkebe kama huo. Naweka misumari.”

“Amesema bwakire buya, babu. Mimi namjibia.”

“Sijakusalimia wewe,” mzee akasema, akaikita fimbo yake chini, akangoja.

Nyuma yake wakaja akina mama wawili na vikapu vya majani mgongoni, gambuti miguuni. Wakanisalimia. Kimya. Wakaja wengine watatu. Kimya. Nao hawawezi kumpita mzee aliyesimama anangoja, na hawawezi kuondoka kabla sijajibu, wakajipanga pembeni ya benchi yangu na nyuma yake kama watu waliokuja kuchukua mbolea.

“Presha imempanda,” mmoja akasema.

“Presha gani? Presha humwangusha mtu. Huyu amekaa wima.”

“Macho yako wazi lakini hayaoni.”

“Yanaona! Tazama, yamenitazama vibaya.”

“Jamani, huyu mama kutoongea? Huyu? Msichana, mpe maji!”

“Msimguse!” mjukuu wangu akalia, mikono ameitandaza kama anafukuza kuku. “Tafadhali, akina mama, msisimame mbele ya mkebe! Ni mtihani wangu!”

“Nyanya yako amekufa na wewe unataja mtihani?”

Mama mmoja wa kanisa akaweka kikapu chini, akasema wakati kama huu hakuna ila maombi. Akaniwekea mkono begani. Akaomba. Aliomba kuhusu mimi, akaomba kuhusu vijana wa Nairobi na mikebe yao, akaomba kuhusu bei ya majani chai, na wote nyuma yangu wakawa wanayumbayumba wakisema amina. Jasho likanitoka kwapani. Mimi kumsikia mtu anaomba nisiseme amina! Niliisema tumboni. Mungu ana masikio.

Na katikati ya maombi hayo hayo, macho yangu yakiwa yameelekezwa mbele kama nilivyoamriwa, nikahisi benchi imeinama upande wa kushoto.

Kuna mtu amekaa.

Sikugeuka. Lakini harufu ya mafuta ya nazi niliijua. Mke mwenzangu. Alikuwa ameweka kikapu chake mbali, nyuma ya mti, na kwa pembe ya jicho nikaona kitu kilichonikata maini: alikuwa amevaa kitambaa chake cha kanisani, kile cha maua ya dhahabu. Mtu anapeleka majani senta, kitambaa cha kanisani! Alikuwa amejiandaa. Katika watu wote waliokuwa pale, yeye peke yake ndiye aliyeamini mkebe ni kamera, kwa sababu habari zote za kamera niliwapa mimi mwenyewe kanisani, mpaka ile ya kukaa bila kutingishika.

Akakunja mikono mapajani. Akanyoosha shingo. Akakaa kama sanamu ya jiwe la Tabaka, imechongwa tayari kuuzwa.

“Kumbe unaweza kunyamaza,” akasema taratibu, midomo tu ndiyo inacheza, kichwa hakitingishiki. “Miaka yote hii tulidhani ni ugonjwa.”

Nikaangalia tundu.

“Usinijibu. Utamharibia mtoto karatasi yake ya mwisho. Nimesikia iko moja.”

Alikuwa amesikia! Nikamtazama mjukuu wangu kwa macho, nikimwomba amtoe huyu mwanamke kwenye benchi yangu. Lakini yeye alikuwa anahangaika na mzee, ambaye sasa alitaka kufungua mkebe atoe misumari. Na kumtoa mtu kwenye benchi ni kutingisha benchi, na kutingisha benchi ni kunitingisha mimi. Nilikuwa nimenaswa. Nikiinuka nimfukuze, mtoto anarudia mwaka. Nikikaa, mke mwenzangu anaenda Nairobi.

“Kwa vile leo una nafasi ya kusikiliza,” akaendelea, “tuongee kuhusu mbuzi wako. Alikula kabeji zangu. Nilikuja nikakuambia, ukasema mbuzi wako hali kabeji. Mbuzi gani hali kabeji? Daktari amemkataza?”

Vidole vyangu vya miguuni vikakunjika ndani ya viatu. Huko mkebe hauoni.

“Na yale maji ya mvua unayoelekeza shambani kwangu. Na ile chai yako unayowapa wageni, ambayo maziwa yameonyeshwa tu.”

Maombi yakaisha. Wote wakasema amina. Hakuna aliyeondoka, maana sasa mchezo ulikuwa umenoga na wengine walianza kucheka. Nikadhani mke mwenzangu amechoka.

“Na kwenye kwaya,” akasema, “mwalimu aliniambia mimi ndiye ninayeshika sauti. Wewe anakuacha tu kwa sababu anakuogopa.”

Nawaambia ukweli, sikugeuka kwa hiari yangu. Shingo iligeuka yenyewe. Iligeuka pole pole, bila kutingisha mabega, mpaka nikawa namtazama huyo mwanamke sikioni, na hapo ikakwama. Nikamtazama. Sikusema hata neno. Nikamtazama kwa nguvu zote nilizonyimwa kuzitumia mdomoni, nikamtazama muda ambao ugali ungeungua, na yeye hakugeuka kunitazama hata mara moja. Alikuwa anatabasamia Nairobi.

“Imetosha!” mjukuu wangu akapiga kelele, akabandika utepe.

Yaliyotoka mdomoni mwangu hapo sitayaandika. Mama wa maombi alichukua kikapu chake akakimbia. Mzee alisikiliza yote mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akasema, “Basi ni mzima. Bwakire, omong'ina.” Nikamjibu. Akaniuliza ng'ombe, nikamjibu ng'ombe. Akaenda senta na roho safi.

Picha ikasafishwa jikoni kwangu. Msichana aliziba dirisha na mlango kwa blanketi, akawasha kitaa chekundu cha baiskeli, akaanza kuchanganya dawa kwenye beseni. Mnajua dawa yenyewe ni nini? Kahawa. Kahawa ya unga, magadi ya kufulia, na vidonge vya vitamini vile vya kunyonya. Nikamwambia sisi hapa ni watu wa chai. Akaniambia chai anaweza kujaribu siku nyingine, leo hana karatasi ya kujaribia. Nikanyamaza, mara ya pili siku hiyo.

Mke mwenzangu alikuwemo. Alisema uso wake uko ndani ya huo mkebe na hauwezi kutolewa yeye akiwa nje. Tukasimama bega kwa bega gizani, tumeinamia beseni la kahawa, tunasukumana kwa viuno.

Karatasi ikawa nyeupe. Ikawa nyeupe bado. Halafu kukaanza kuingia kitu, kama mtu anayekuja kwenye ukungu wa asubuhi huko bondeni.

“Naja,” nikasema.

“Hiyo ni benchi,” akasema.

Msichana akaitia kwenye dawa nyingine ya kuishikisha, akaisuuza, akafungua mlango. Kwenye karatasi kila kitu kilikuwa kimegeuka, cheusi cheupe, cheupe cheusi, sweta yangu kama mkaa na uso wangu kama unga wa ngano. Nikamwambia, “Umenipeleka Ulaya bila pasipoti.” Akasema hivyo ndivyo inavyotoka, chuoni wataigeuza. Akaielekezea simu, simu ikageuza, tukaona.

Majani chai, mstari kwa mstari, safi. Benchi, safi. Nyuma ya benchi, gambuti. Gambuti tupu, zimepangwa, zimesimama zenyewe bila wenyewe, na juu yake moshi. Fimbo ya mzee imesimama peke yake kama imetumwa mahali. Mama wa maombi hayupo. Kuna mkono tu begani kwangu.

Na mimi. Gauni langu, mikono yangu, viatu vyangu, yote wazi kabisa. Halafu, juu ya shingo moja, vichwa viwili. Kimoja kinaangalia mbele kwa heshima kama mke wa chifu. Kingine kimegeuka kushoto, kimetoa macho, na kwenye mashavu yote manne unaona majani chai yakipita kwa nyuma.

Pembeni yangu, mke mwenzangu. Kitambaa cha dhahabu, ua kwa ua. Paji la uso, macho, pua, mikono mapajani. Lakini chini ya pua hakuna kitu. Ngozi tu, laini, mpaka kidevuni. Alikuwa ameongea muda wote, na mkebe haukamati kinachopita.

Mjukuu wangu aliruka. Alishika kichwa, akazunguka uwanja mzima akilia na kucheka, “Magokoro! Magokoro! Hii haijawahi kutoka kwa mtu!”

“Siendi Nairobi na vichwa viwili,” nikasema.

Akasimama.

“Nimewaambia watu kanisani kwamba uso wangu unaenda. Uso, mmoja. Watasema nini huko? Nyamira kuna majini?”

“Karatasi zimeisha, Magokoro.”

“Najua zimeisha.”

“Ukikataa sitaipeleka. Ni sura yako.” Sauti yake ilikuwa ndogo. Hakunibembeleza, na hilo ndilo lililonisumbua. Alianza kukunja ile bahasha nyeusi, tupu, mara mbili, mara nne, kama mtu anayekunja mwaka mzima autie mfukoni.

“Mimi pia nakataa!” mke mwenzangu akasema, ameinamia simu. “Mdomo wangu uko wapi? Nilikuja na mdomo!”

“Ulikuja nao mno,” nikamwambia.

Nikaitazama tena picha. Nikaitazama pale chini ya pua yake. Laini kabisa, kama yai. Miaka yote niliyoishi na huyu mwanamke, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwona amefungwa. Kicheko kikaanzia magotini.

“Unacheka nini?”

“Nakutazama.”

“Cheka na vichwa vyote viwili basi.”

“Peleka,” nikamwambia mjukuu wangu.

“Yaya!” mke mwenzangu akalia. Hapana!

“Peleka, mwanangu. Itundike juu kabisa. Nairobi yote imwone huyu bila mdomo. Nitavumilia vichwa.”

Mke mwenzangu akafikiri. Namjua akifikiri, ulimi hutoka nje kidogo. Akavuta simu, akavitazama vichwa vyangu kimoja kimoja, na hasa kile cha kushoto.

“Ee, peleka,” akasema. “Mimi mdomo ninao, nikiulizwa nitaeleza. Yeye hicho cha pili atasema alikiazima wapi?”

Msichana hakungoja tubadilishe nia. Kesho yake asubuhi na mapema alikuwa kwenye boda, picha imefungwa ndani ya kitabu, kitabu ndani ya sweta, sweta ndani ya begi.

Picha ikatundikwa. Hakurudia mwaka. Alinipigia simu akaniambia watu walisimama mbele yake muda mrefu, na mwalimu wao mwenyewe akarudi kuitazama mara nyingine. Nikamuuliza swali moja tu: wameona nani hana mdomo? Akasema wote wameona. Nikaridhika. Kumbe na mke mwenzangu alikuwa amempigia kwa simu ya mwanawe, akauliza kuhusu vichwa, akajibiwa hivyo hivyo.

Baadaye msichana alituletea nakala moja, kubwa, ndani ya fremu ya kioo. Moja tu. Tuligombana itundikwe kwa nani, nami nikashinda kwa sababu benchi ni yangu. Iko sebuleni, juu ya redio. Sasa kila Jumapili mke mwenzangu anakuja kujitazama. Anakuja na watu, dada zake wa Suneka, wakwe zake, hata mtu wa kununua ndizi aliwahi kumwingiza. Haniombi ruhusa. Anakalia benchi, anapokea chai yangu, anaitazama kwa ubaya akitafuta maziwa, anainywa. Halafu anainuka na kijiti, anagonga kioo pale kwenye kitambaa cha dhahabu, anawaeleza wageni.

“Huyu ni mimi,” anasema. “Hawa wawili ni yeye.”